Mnyoo Bapa wa Nyambura

Siku tulipomzika Nyambura kule Bahati, mshereheshaji alinipa kipaza sauti akaninong'oneza, "Mathe, dakika mbili tu, mvua inakuja." Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, lakini upepo uliikunja karatasi mara mbili na miwani nilikuwa nimeiacha kwenye mkoba, basi nikasema yaliyonijia mdomoni. Nilisema tulifanya kazi pamoja tukiwa wasichana, tulikaa chumba kimoja mtaani Rhonda mwaka mzima, tukala kwenye sahani moja, na katika mwaka huo wote hatukuoneana wivu hata siku moja. Waombolezaji waliitikia kwa mguno mzuri. Binti yake alinishika mkono nilipopita. Nikarudi kwenye kiti changu cha plastiki, na hata kabla sijaketi vizuri nilijua kwamba nimesimama mbele ya jeneza la mtu niliyempenda nikasema uongo. Mwaka ule tulioneana wivu asubuhi, mchana na jioni. Tulioneana wivu kwa bidii, kama watu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Na kwa kuwa nimefundisha biolojia karibu maisha yangu yote, na mwalimu akikosea ubaoni hufuta akaandika upya mbele ya wanafunzi walewale, naomba niandike upya hapa.

Tulikuwa wasaidizi wa maabara katika chuo kidogo cha ualimu, sisi wawili tu, chini ya Mwalimu Oduya. Maabara ilikuwa jengo refu la mawe lenye paa la mabati, na mwishoni mwake palikuwa na stoo ya chupa. Ndani ya chupa hizo mlikuwa na vyura, nyoka, mapafu ya kondoo, samaki wadogo wa ziwani, na kijusi cha nguruwe ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliogopa kukitazama. Harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia wanyama hao, ilituingia nyweleni. Mwalimu Oduya alikuwa mtu mrefu mwenye koti jeupe lililopungua kifungo kimoja, na alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine: hakukubali chupa yoyote iingie rafuni mpaka atie sahihi kwenye lebo yake kwa mkono wake, na hakutia sahihi mpaka aulize swali moja. Swali moja tu. Ungeweza kufanya kazi wiki tatu, ukaleta lebo imeandikwa vizuri kwa wino mweusi, naye angeisoma polepole, halafu akuulize, "Hili umelijuaje?" huku kidole chake kikiwa kwenye neno lile lile ulilolisukumia hapo kwa kubahatisha. Nilikuwa nimefika chuoni miezi minane kabla ya Nyambura. Nilijua kila chupa. Nilijua swali lake lingeangukia wapi. Kwa hiyo nilijihesabu kuwa mimi ndiye mkubwa, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Chumba chetu Rhonda kilikuwa kimoja, tumekigawa kwa pazia la maua: upande huu vitanda viwili, upande ule jiko la mafuta ya taa, sufuria tatu na debe la maji. Mimi nilileta viazi kila nilipotoka nyumbani Kuresoi, Nyambura alileta maharagwe na ndizi. Ukuta wa kati yetu na jirani ulikuwa bati moja, na jirani huyo, Mama Kamau, aliyeuza maandazi mlangoni pake, hakujua kunong'ona. Jioni moja nikiwa nachambua sukuma wiki nilimsikia akimweleza mteja wake kutuhusu. "Hao wasichana wa maabara? Yule mweupe anayecheka ndiye anapendwa huko kazini. Huyu mwingine, Chelangat, ni wa kuosha chupa." Mteja akauliza kama sisi ni ndugu. "Ndugu wapi," akasema Mama Kamau, "mmoja ni wa kwenda, mwingine ni wa kubaki." Nyambura alikuwa amekaa kitandani akijipaka mafuta miguuni, na alisikia kila neno kama nilivyosikia. Alitabasamu tu, akaendelea kujipaka mafuta. Nimekutana na matusi mengi tangu siku ile, lakini lile tabasamu dogo la mtu aliyesifiwa bila kuomba ndilo lililonichoma kuliko yote.

Mwezi uliofuata ikaja habari kwamba wenzetu wa chuo kingine wanakwenda Pwani kwa wiki mbili kukusanya wanyama wa miamba ya matumbawe, na katika gari lao kuna nafasi moja kwa mtu wetu. Mmoja aende, mmoja abaki kubadilisha maji ya matangi na kulisha vyura. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kiti kile. Nilikuwa sijaona bahari. Maji makubwa niliyoyajua ni ya ziwa letu, maji ya magadi yasiyonyweka, yenye ukingo mweupe kama chumvi iliyomwagika. Nilingoja Mwalimu anichague, kwa kuwa niliamini mtu mstaarabu hungoja. Nyambura hakungoja. Aliingia ofisini kwake akiwa na kikombe cha chai mkononi akasema, "Mwalimu, mimi nitaenda, au una mwingine?" Mwalimu akasema hana mwingine aliyeuliza. Hivyo tu. Nilisikia yote nikiwa stoo, mkono wangu ukiwa ndani ya chupa ya vyura.

Alirudi na ngozi iliyobabuka puani na sauti iliyopanda. Kwa siku tatu chumba chetu kilikuwa bahari. Akisonga ugali alisonga bahari. Akikunja nguo alikunja mawimbi. Nami nilitabasamu mpaka mashavu yakauma. Alichokuwa anakirudiarudia zaidi ni mnyama mmoja aliyempata maji yalipokupwa, chini ya jiwe la matumbawe alilolipindua kwa mikono miwili. "Chela, mweusi ti, kama velveti ya kanisani," alisema akiwa ameshika mwiko. "Mwembamba hivi, hata sijui nikuambie nini. Kama ganda la kitunguu likilowa. Halafu akainuka akaogelea. Anaogelea na ukingo wake, hivi, hivi, kama sketi ya mtu anayezunguka." Akazunguka kati ya kitanda na debe la maji ili nione. Mama Kamau akapiga bati. "Nyinyi, kwani kuna harusi?" Nyambura akamjibu, "Ni mnyoo, mathe." Kutoka upande wa pili akauliza: "Mnyoo anachezewa ngoma?" Nilicheka kwa sababu ilichekesha. Lakini ndani yangu nilikuwa nikiwaza kwamba mnyoo yule, kwa haki, alikuwa wangu. Jiwe lile ningelipindua mimi.

Acha nieleze kidogo ni mnyama gani, maana bila hilo hamtaelewa tulivyogombana kimyakimya. Wenzake wa safari walimwambia Nyambura ni konokono wa baharini asiye na gamba, na hilo ni kosa la watu wengi, kwa sababu wote wawili wana rangi za kupendeza na wote hutambaa kwenye mawe yale yale. Lakini konokono yule ana mwili mnene wenye nyama, na wengi wao hubeba mgongoni kishada cha kupumulia kinachofanana na ua. Huyu hakuwa na kishada. Alikuwa bapa kabisa, hana damu inayozunguka wala mapafu, anapumua kwa ngozi yake yote. Mbele alikuwa na mikunjo miwili iliyosimama kama masikio ya paka, na hiyo si pembe za kweli, ni ukingo wenyewe uliojikunja. Mdomo wake haukuwa kichwani bali katikati ya tumbo. Basi ni mnyoo bapa wa baharini, aina ile inayokaa kwenye miamba ya nchi za joto. Mpaka hapo tulikubaliana sote.

Ugumu wake ni kumhifadhi. Ukimtumbukiza kwenye spiriti akiwa hai, anajikunja na kupasuka vipande. Ukimwacha mpaka ndoo ipate joto, anayeyuka akawa kamasi. Nyambura alipata wawili, na wa kwanza aliyeyuka hivyo akiwa anamtazama. Wa pili alimfanyia kama Mwalimu alivyotufundisha: unagandisha fomalini kwenye sahani pana iwe barafu, unamsogeza mnyama kwa brashi laini mpaka apande juu ya kipande cha karatasi akiwa amejinyoosha, halafu unailaza karatasi juu ya barafu. Anakufa akiwa wazi kama ukurasa. Ilikuwa kazi safi. Niliitazama chupa ile ilipowekwa mezani nikatafuta kosa, sikuliona, na hilo nalo likaniuma. Kitu kimoja tu kilikuwa kimepotea, nacho hupotea kila mara: rangi. Spiriti ya chupani ilikuwa imeila. Velveti ya kanisani ilikuwa sasa kijivu cha majivu, na ukingo wake umepauka.

Mwalimu Oduya alituita wote wawili mezani. Alisema gari la wenzetu litakwenda tena mwezi wa nane, na nafasi ni ile ile moja. "Nyambura ameshakwenda, na kwa haki ningempeleka Chelangat," akasema, na moyo wangu ukaruka. "Lakini chupa hii haina jina. Atakayeniletea jina ninaloweza kutia sahihi ndiye atakayekwenda. Mna wiki mbili. Na sijasema msisaidiane." Alisema hilo la mwisho akitazama dirishani, na sisi tukajifanya hatukulisikia.

Jina la mnyama lina sehemu mbili. La kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Kwa minyoo hawa, ukoo hauujui kwa rangi. Unaujua kwa kumgeuza. Chini ya tumbo, nyuma kidogo ya mdomo, kuna vitundu vya uzazi, maana kila mnyoo ni dume na jike kwa pamoja. Akiwa na kitundu kimoja cha kiume, yuko kwenye ukoo unaoitwa Pseudoceros. Akiwa na viwili vilivyokaa karibu karibu, yuko kwenye ukoo wa jirani, Pseudobiceros. Nyuma yake kuna kitundu cha kike, kisha kiduara cha kujibandikia ambacho anayeharakisha hukihesabu kama kitundu kingine. Jina la pili, kinyume chake, unalipata kwa rangi za mnyama akiwa hai, hasa ukingo: ni mistari mingapi, na upi uko nje kabisa. Kwa hiyo angalieni hali ilivyokuwa. Nusu ya jina ilikuwa chini ya hadubini, na hadubini ilimpenda mtu mwenye subira, yaani mimi. Nyambura alijaribu mara mbili, mkono ukamtetemeka, akaona ukungu tu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye daftari la Nyambura, alilolijaza pale pale ufukoni, na daftari hilo lililala chini ya mto wake. Mtoto wa darasa la nne angetuambia la kufanya.

Kwa wiki mbili tulizungumza kila kitu duniani isipokuwa mnyoo. Tulizungumza bei ya mafuta ya taa, kwaya, mchumba wa dada yake aliyekuwa akifanya kazi kwenye mitambo ya mvuke Olkaria na kuja na zawadi za sabuni. Tulimega ugali kutoka pande mbili za sahani moja mpaka vidole vyetu vikakaribia kukutana katikati, na mmoja wetu akarudisha mkono. Mimi siku ya nne nilikuwa tayari nimeviona vitundu. Viwili. Nilihesabu mara sita, nikabadilisha taa, nikahesabu tena, na sikumwambia. Nilifurahi, halafu nikakumbuka kwamba nina nusu tu. Niliporudi nyumbani jioni hiyo Nyambura aliniuliza, "Sasa, kazi iko aje?" Nikamjibu, "Iko sawa." Akasema, "Haya." Nilijua anatamani kuuliza, naye alijua natamani kuuliza. Kumuuliza rangi ya ukingo kulikuwa kukiri kwamba yeye aliona na mimi sikuona, na afadhali ningemeza mwiko. Jumamosi moja alitoka kwenda kuchota maji akaliacha daftari wazi juu ya stuli, hatua mbili kutoka nilipokuwa nimekaa. Sijui mpaka leo kama alisahau au aliliacha makusudi. Niligeuza uso ukutani nikakaa hivyo mpaka aliporudi. Watu wakisikia hivyo husema nilikuwa mwaminifu. Sikuwa. Wivu wangu ulikuwa na maringo, haukutaka kula cha kuiba wala cha kupewa.

Nikabahatisha. Mwalimu alikuwa na kurasa kadhaa za kitabu cha minyoo, fotokopi za rangi nyeusi na nyeupe, zilizopitia mashine nyingi hata picha zikawa madoa. Kwa maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, kati ya weusi wa ukoo ule kulikuwa na wawili waliofanana. Mmoja ukingo wake wa nje ni mweupe. Wa mwingine una mistari mitatu, na ule wa nje ni wa rangi iliyoiva. Nilichungulia chupa: ukingo umepauka, karibu mweupe. Nilijua vizuri sana kwamba spiriti hupausha kila kitu. Ndilo somo la kwanza tuliloambiwa kazini. Lakini mtu akitaka jambo sana, hata anachokijua hukaa pembeni akamngojea amalize. Nikaandika jina kamili kwa wino mweusi. Kwenye mstari wa maelezo nikaongeza: ukingo mweupe.

Siku ya kumi na nne Mwalimu Oduya aliisoma lebo yangu akiwa amesimama. Nyambura alikuwa kwenye sinki akisuuza vikombe vya kupimia, mgongo umetugeukia. Mwalimu aliuliza kama nimeviona vitundu, lakini hilo halikuwa swali lake, aliinama tu akaangalia mwenyewe kwenye hadubini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kidole chake kikatembea juu ya lebo, kikasimama. "Ukingo mweupe. Mnyama huyu hana rangi sasa. Hili umelijuaje?" Nikasema, "Nyambura aliniambia." Maji yaliendelea kutiririka kwenye sinki. Mwalimu akageuka. "Nyambura, ulimwambia?" Nyambura alifunga bomba. Alikausha mikono kwenye aproni yake, kidole kimoja kimoja, na mimi katika muda huo niliona kiti changu cha gari kikiondoka. Kisha akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Nilimwambia." Mwalimu akatia sahihi.

Hatukulizungumzia. Nilidhani amenihurumia, na mtu akikuhurumia wakati unamwonea wivu ni kama kukufunga mikono. Wiki zilizobaki nilimchukia kwa upole. Nilimwoshea sufuria hata isipokuwa zamu yangu. Nilimpa kiazi kikubwa. Mama Kamau aliliona hata hilo, akasema kupitia bati, "Siku hizi mnapendana sana, kuna nini?" Nyambura akamjibu, "Chela anakwenda Pwani, mathe. Anaaga." Sauti yake ilikuwa tamu. Sikujua niiweke wapi.

Basi nikaenda. Sitaieleza bahari, nimewasikia wengi wakiieleza na sijaona aliyefaulu. Nitasema tu kwamba asubuhi ya tatu maji yalikupwa mbali sana, tukatembea juu ya mwamba tukiwa na viatu vya mpira, kila mtu na ndoo yake, tunapindua jiwe, tunaangalia, tunalirudisha lilivyokuwa ili walio chini yake wasife kwa jua. Nilipindua mawe mengi. Niliona kaa, niliona majongoo bahari walionona kama soseji, niliona nyota za bahari. Halafu nikapindua jiwe pana na chini yake, kwenye kidimbwi cha maji chenye kina cha kiganja, alikuwepo. Nilijua kabla sijajua. Mweusi ti. Alijikusanya kidogo kwa mwanga, kisha akajiachia, akainuka, na ukingo wake wote ukaanza kwenda mawimbi, hivi, hivi, kama Nyambura alivyofanya kati ya kitanda na debe la maji. Nikapiga magoti kwenye matumbawe bila kuhisi makali yake. Ukingo ulikuwa na mistari mitatu. Wa ndani rangi ya chungwa. Wa kati waridi. Wa nje kabisa, mwembamba kama uzi, rangi ya damu ya mzee. Hapakuwa na weupe mahali popote. Nilibaki nimepiga magoti mpaka mtu wa kikundi chetu akaniuliza kama nimechomwa na kitu. Nikamwambia hapana. Sikumkusanya yule mnyoo. Nilirudisha jiwe polepole. Na ukweli wa jambo hili, ambao nilipaswa kuusema mazishini kule Bahati, ni kwamba wazo langu la kwanza halikuwa aibu. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba Nyambura alimwona kabla yangu.

Niliporudi Rhonda nilimkuta ameketi kwenye stuli akimenya viazi vyangu. Niliweka mfuko chini. Hata salamu sikutoa. Nikasema, "Ukingo ni damu ya mzee."

"Najua," akasema.

"Ulijua siku ile?"

"Si ni mimi nilimwona. Nimeandika kwa daftari. Chungwa, waridi, damu ya mzee."

"Na ukaniacha nikaandika nyeupe. Ukamwambia Mwalimu ndiyo."

Nyambura aliendelea kumenya, ganda likatoka refu bila kukatika. "Ulitaka nimwambie nini? Kwamba Chela ni mwongo? Ungelia, Mwalimu angekuhurumia, mimi ningekuwa mbaya. Nikasema hapana, huyu acha aende. Aende mpaka huko mbali, apinduepindue mawe, amwone kwa macho yake mwenyewe. Halafu arudi akiwa na hiyo kitu kwa roho. Nimehesabu siku, Chela. Kila siku nasema, leo amemwona. Leo amemwona."

Nilikaa kitandani. "Mimi nilidhani umenihurumia."

"Kukuhurumia?" Akacheka kile kicheko chake kilichopendwa na kila mtu. "Wewe unakaa na hiyo hadubini kama malkia. Mwalimu anakusifu kila siku, Chelangat ana mkono, Chelangat ana jicho. Mimi natoa mnyama baharini kwa mikono yangu, halafu wewe ndiye wa kuniambia anaitwa nani. Unajua mimi nililala aje hizo wiki mbili?"

Upande wa pili wa bati Mama Kamau akakohoa, kikohozi cha mtu aliyekuwa anasikiliza kwa adabu. Nami nikaanza kucheka. Sikucheka kwa sababu mambo yalikuwa yameisha. Nilicheka kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nimejiona niko peke yangu ndani ya wivu kama mtu aliyefungiwa chooni, kumbe mwenzangu alikuwa ameketi upande wa pili wa mlango akiwa naye amejifungia.

Jumatatu tulikwenda kwa Mwalimu Oduya pamoja. Nilisema mwenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipofika kwenye sinki Nyambura akaingilia akasema sehemu yake. Mwalimu hakupandisha sauti. Alichukua chupa, akaitoa lebo kwa ncha ya wembe, akaikunja na kuitia mfukoni. Alisema sahihi yake imekaa juu ya uongo wiki saba, na kwamba gari la mwezi wa kumi na mbili litakwenda na kiti chetu kitupu. Na lilikwenda hivyo. Hilo la kiti kitupu liliniuma kuliko kama angempa Nyambura, na nafikiri ndiyo sababu alilichagua. Kisha akatuagiza tukae meza moja. Nyambura asome daftari lake kwa sauti, mimi niandike. Halafu mimi nimwonyeshe Nyambura vitundu, na nisiandike jina mpaka Nyambura aseme amehesabu mwenyewe.

Ilichukua asubuhi nzima. Nilimweka mnyoo tumbo juu, nikaisogeza taa, nikamwambia afumbe jicho moja. Akasema anaona ukungu. Nikaushika mkono wake kwenye skrubu ya hadubini, mkono uliokuwa bado unatetemeka, nikauzungusha kidogo kidogo pamoja naye. Nikamweleza kama nilivyokuja kuwaeleza wanafunzi wengi baadaye: usikitafute kitundu, tafuta kwanza mdomo, ule ulio kama kitambaa kilichokunjwa, kisha shuka taratibu. Ukikutana na duara kubwa umepita, hicho ni cha kujibandikia, rudi. Alishuka. Alipita. Alirudi.

"Viwili," akasema. "Chela, ni viwili kweli."

"Nilikuambia."

"Hukuniambia. Ulimwambia Mwalimu." Hakuinua kichwa kutoka kwenye lenzi. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akiviangalia vitundu vyangu, vile nilivyovipata mimi siku ya nne na kuvihesabu mara sita nikiwa peke yangu. Nikatazama saa ya ukutani. Nikamgonga bega.

"Sogea," nikamwambia. "Zamu yangu."